Ile Mukubwa Itabaki

Wiki iliyopita jirani yangu alihama. Alikuwa ameazima magunia kwa wauza mawese, na alipoyakung'uta uani harufu ikapenya hadi jikoni kwangu: mawese ya zamani yaliyogandia kwenye nyuzi, vumbi, na uchachu kidogo. Nilikuwa namenya ndizi. Nikaweka kisu chini, nikafunga dirisha, mimi mtu mzima mwenye watoto walionizidi kimo. Ninyi mliokua kando ya ziwa miaka ile ya vita mtanielewa. Nikiona magunia na kamba mlangoni mwa mtu, swali la kwanza linalonijia ni nani atakayeachwa.

Tulikaa Rumonge, Burundi, katika kartie, yaani mtaa, wa Waswahili, nyumba ya tatu kutoka msikitini. Baba alikuwa fundi wa nguo, akishonea barazani. Mama aliuza ndagala, dagaa wetu wakavu, sokoni. Bibi, mama yake Baba, alilala chumba cha nyuma pamoja nami. Mdogo wangu Shabani alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, na ndimi niliyekuwa mtoto mkubwa.

Kwetu vita ilianza kama sauti. Ilikuwa juu milimani, kama mtu anayetwanga mbali, na siku hadi siku kinu kilikuwa kinasogea. Shule ilifungwa, ikafunguliwa, ikafungwa tena. Jirani yetu wa mkono wa kulia, Mama Godeliva, mume wake alipanda basi kwenda Bujumbura. Basi lilipatikana barabarani, yeye hakupatikana. Baada ya hapo Mama Godeliva alibaki na binti yake Godeliva, rika langu, na mama yake mzazi ambaye alikuwa hainuki kitandani. Watu wa kanisani walikuja kuimba siku tatu. Siku ya nne wakaacha, kwa kuwa kulikuwa na matanga mengine.

Ndipo Baba akatangaza kwamba tunahama. Aliwaambia wateja, akamwambia muadhini, akamwambia na askari aliyeleta suruali kupunguzwa: tunahamia Kigwena, nimepata nyumba karibu na wakamuaji mawese, huko kazi iko. Sisi pia alituambia hivyo. Nyumba ina vyumba vitatu, alisema, na mlango wa bati. Nilifurahi kwa siku mbili nzima.

Furaha iliisha kwa sababu ya mafungu. Mama aligawa vitu vya nyumba katika mafungu matatu pale sebuleni: vya kwenda, vya kubaki, na vya kugawia watu. Aliyapanga kwa namna iliyonishangaza. Vya kwenda vilikuwa vichache mno kwa nyumba yenye vyumba vitatu: sufuria mbili, mablanketi, jeri kani, mashini ndogo ya kushona ya kuzungusha kwa mkono, mfuko wa unga wa muhogo. Kabati lilibaki. Kitanda kilibaki. Hata mlango wa choo ambao Baba aliutengeneza mwenyewe na kuusifia mwaka mzima, alisema uacheni nao.

Mimi nilichukua kandambili zangu za rangi ya buluu nikaziweka juu ya mablanketi, kwenye fungu la kwenda. Niliporudi kutoka kisimani nilizikuta kwenye fungu la kugawia watu. Nikazirudisha bila kusema. Saa ya kula nikaziona tena kule kwingine, na rula yangu ya shule iko juu yake.

Sikuuliza. Nyumba ilikuwa imeanza kuwa nyumba ya kunong'ona, na mtoto akiuliza kitu watu wazima walitazama mlango kwanza.

Mchana mmoja, baada ya sala ya adhuhuri, nilikuwa nimejilaza nyuma ya pazia la chumba cha Bibi. Joto lilikuwa limeinamisha kila kitu, hata kuku walinyamaza. Baba na Mama walikuwa upande wa pili wa pazia, wanafunga kamba.

"Kigwena tutafika tu," Baba alisema chini chini. "Mwenye mutumbwi atatungoja mwisho wa musitu. Kutoka pale ni ziwa mpaka Tanzania. Barabara ya Nyanza-Lac hakuna kupita."

"Na nafasi?"

"Nne. Mimi, wewe, Bibi na nafasi moja. Wa mugongoni hahesabu. Amesema mutu wa tano akipanda, anashusha wote."

Mama alikaza fundo la kamba, akauliza, "Na ile mukubwa?"

"Ile mukubwa itabaki," Baba akasema. "Ni nzito. Ile mudogo ndiyo tunakwenda nayo. Nimeshafikiri, itakaa kwa Mama Godeliva mpaka siku tutakaporudi."

"Inaniuma, Baba Zaituni. Miaka yote hii."

"Hata mimi inaniuma. Tufanye nini?"

Lazima niseme kitu kuhusu Kiswahili chetu. Walimu wa Tanzania walinicheka baadaye kwa ajili yake. Kule kwetu mtu, mbuzi na meza vyote vinaweza kuwa "ile". Ile mutoto, ile nyumba, ile mama. Hakuna aliyejali. Kwa hiyo nilipolala pale nyuma ya pazia, nikisikia kwamba ile mukubwa ni nzito na itabaki, na ile mudogo itakwenda, nilielewa sawasawa, kama mnavyoelewa ninyi sasa. Shabani atakwenda. Mimi nitakaa kwa Mama Godeliva.

Hata ile nafasi ya nne haikunipa moyo. Niliona ni ya mizigo.

Sikulia. Hofu ya aina ile haina machozi. Nilichofanya ni kuacha kula. Baba alisema ni nzito, basi nilitaka niwe nyepesi. Asubuhi uji wangu nilimmiminia kuku. Mchana nilibonyeza ugali chini ya sahani, nikasema nimeshiba. Mama angegundua wakati mwingine wowote, lakini siku zile hata yeye alikuwa hali. Nilibeba maji mara mbili zaidi. Nilifagia uwanja ambao tulikuwa tunauacha. Nilimbembeleza Shabani hadi akanizoea kuliko mama yake, nikifikiri kwamba akinililia, watashindwa kuniacha. Na kila nilipopita sebuleni nilitazama fungu la kwenda kuona kama nguo yangu hata moja imo. Gauni langu moja lilikuwamo. Lakini nilijua ni la kumfunika mtoto.

Siku ya tatu milio ya bunduki ilisikika upande wa Kizuka, mchana kweupe. Sokoni watu waliacha biashara mezani. Baba alisema, bila kumtazama mtu, "Ijumaa." Nilihesabu. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Nilienda kwa Mama Godeliva. Sikwenda kulalamika. Nilitaka kujua tu nitalala wapi. Nilimkuta anachambua maharage mlangoni, mama yake anakohoa ndani.

"Mama Godeliva," nikamwambia, "nitalala kitanda kimoja na Godeliva, ama munayo mukeka?"

Alinitazama. "Kwa nini ulale hapa, mutoto wangu?"

"Wakienda."

"Kigwena si mbali. Unakwenda nao."

"Hawakai Kigwena," nikasema. "Wanapanda mutumbwi kwenda Tanzania. Mutumbwi ni mudogo. Ile mukubwa itabaki kwenu."

Maharage yaliacha kuanguka kwenye ungo. Alisimama, akatazama barabarani kushoto na kulia, akanishika bega, akanirudisha njia ya nyuma. "Nenda nyumbani," alisema. "Usiseme tena hayo maneno. Kwa mutu yeyote. Umesikia?"

Hapo ndipo nilipojua nimefanya kitu kibaya, ingawa sikujua ukubwa wake. Askari walikuwa wamekataza mitumbwi kubeba watu. Aliyekamatwa akivuka aliambiwa anakwenda kujiunga na waasi wa msituni, na hapakuwa na hakimu wa kumwuliza zaidi. Mtu mmoja tu akinong'ona, familia nzima imekwisha. Nilirudi nikaingia chini ya kitanda cha Bibi, kwenye vumbi na harufu ya karafuu zake, na nikakaa huko hadi jua lilipoanza kulala.

Mama Godeliva alibisha kabla ya magharibi. Kwetu jirani hakuwa anabisha. Alipita tu, akisalimia "amahoro" akiwa tayari yuko ndani. Kule kubisha kulimfanya Baba asimame na mkasi mkononi.

Aliingia, akafunga mlango nyuma yake. "Baba Zaituni," alisema, "mimi najua. Siku sijui, lakini mutumbwi najua."

Nilimwona Baba kupitia pazia. Sijapata kuona uso wa mtu ukiishiwa rangi namna ile. Mama alikaa chini, polepole, kama mtu anayetafuta kiti gizani.

"Nani alikuambia?"

"Mutoto wenu alikuja kuniuliza atalala wapi. Anasema munamuacha kwangu."

Nikatolewa chini ya kitanda. Nilikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Baba hakunipiga, na ingekuwa heri angenipiga. Alichuchumaa mbele yangu.

"Zaituni. Nani alisema unaachwa?"

"Wewe," nikasema. "Ulisema ile mukubwa ni nzito, itabaki kwa Mama Godeliva. Lakini mimi siyo nzito, Baba. Siku hizi sili."

Baba aligeuza kichwa akatazama barazani, pale ilipokuwa mashini yake kubwa, ile ya kukanyaga, yenye meza na miguu ya chuma, aliyoinunua kabla sijazaliwa. Kisha akaushika mkono wangu juu ya kiwiko, kidole gumba kikakutana na kidole cha kati na kupita.

"Ni mashini," alisema. "Mwanangu, nilikuwa nasema mashini."

Nilicheka. Nasema ukweli: nilicheka kwa sauti, mwili wote ukalegea, nikawa nacheka huku Mama ameshika mdomo na Mama Godeliva amesimama pale na siri yetu mkononi. Furaha yangu ilikuwa kubwa hata sikuona kwamba mimi peke yangu ndiye niliyefurahi.

"Sikuja kuwatisha," Mama Godeliva alisema kicheko kilipokwisha. "Mungekwenda bila kuniambia, nisingewalaumu. Lakini sasa najua, na siwezi kujifanya sijui. Muchukueni Godeliva."

"Mama Godeliva..." Mama alianza.

"Mimi siwezi kutoka. Mama yangu simuachi kitandani. Lakini huyu mutoto ana miaka kumi, na wale wanaopita hapa usiku munawajua. Wiki iliyopita walimuuliza jina." Hakulia. Alikuwa anaongea kama mtu anayepanga bei ya kitu asichotaka kukiuza. "Nafasi moja tu."

Baba alikaa kwenye ukingo wa meza. Alieleza habari ya nafasi nne na maneno ya mwenye mtumbwi. Alieleza taratibu na kwa heshima, na kila alivyozidi kueleza ndivyo mabega ya Mama Godeliva yalivyozidi kushuka. Alikuwa ameshageukia mlango Bibi alipoongea.

Bibi alikuwa mkekani muda wote, anachambua uzi uliojifunga. Macho yake yalikuwa hafifu, lakini vidole havikuhitaji macho.

"Ramadhani," alimwambia Baba, "nafasi yangu mpe Godeliva."

"Mama, hapana."

"Sikukuuliza. Askari akiniona mimi anaona kikongwe, anapita. Akimuona huyu mutoto..." Hakumaliza. Aliuvuta uzi, ukakatika. "Na mashini itabaki na nani? Mama Godeliva hajui hata kuitia mafuta. Nitahamia kwake, tutaangaliana wazee wawili na yeye mmoja. Kazi anayo."

Walibishana. Baba alipiga magoti mbele yake, na mimi sikuwahi kumwona akimpigia magoti kiumbe. Bibi alimwacha aseme yote, kisha akamwuliza kama amemaliza, na kama amemaliza aende kuswali, wakati unapita.

Usiku ule ndipo nilipoanza kuhesabu. Ningenyamaza, Mama Godeliva asingejua. Asingejua, asingeomba. Asingeomba, Bibi angepanda. Nilikuwa na miaka tisa lakini hesabu hiyo niliiweza, na nililala nimeng'ang'ania kanga yake nikijua ulimi wangu ndio uliomshusha kwenye mtumbwi. Yeye alinipapasa mgongo akanitaka nisimvutie kanga, ni mpya.

Alhamisi Baba alishona magauni mawili ya kitambaa kimoja, kwa mashini kubwa, kazi yake ya mwisho barazani. Mama alimsuka Godeliva kama alivyonisuka mimi, akamvua rozari, akamfunga mtandio. Mama yake alikuja kuichukua rozari, akaondoka haraka. Waliagana ndani, mlango umefungwa, na sijui walisema nini. Godeliva hajawahi kuniambia.

Ijumaa asubuhi tulitoka, Baba anasukuma baiskeli iliyopakiwa, sisi nyuma. Bibi alisimama barazani kwa Mama Godeliva akatupungia mkono kama tunakwenda sokoni, kwa sababu mtaa ulikuwa unatazama. Sikuruhusiwa kukimbia kumkumbatia. Watu wanaohamia Kigwena hawakumbatiani.

Kwenye bariyeri, kizuizi cha barabarani, kulikuwa na askari watatu. Mmoja alichoma kwa mtaimbo magunia yetu, tuliyoazima nasi kwa wauza mawese, moja baada ya jingine, na mawese ya zamani yakanuka kwenye jua. Mwingine alituangalia mimi na Godeliva.

"Hawa wawili?"

"Mapacha," Mama alisema.

Aliinama hadi nikaona jasho juu ya mdomo wake. Alimnyooshea Godeliva kidole. "Wewe. Baba yako iko wapi?"

Nilihisi mkono wa Godeliva ndani ya mkono wangu ukikauka. Baba yake hakuwa popote. Nilidhani atasema hivyo. Nilidhani sote tutakufa pale kando ya barabara, kwa sababu mtoto ameulizwa swali ambalo jibu lake analijua vizuri mno. Shabani alianza kulia. Godeliva akanyoosha mkono, akamgusa Baba kwenye kiwiko.

"Ni huyu," alisema.

Baba alimtazama. Kisha akamwambia kwa ukali wa kawaida wa mzazi, "Funga mutandio vizuri." Askari akainua mti.

Mengine mnayajua, kwa kuwa wengi wenu mmepitia ziwa lile lile. Tulifika Tanzania. Tulikaa kambini, mimi na Godeliva mkeka mmoja, sahani moja, dawati moja, miaka mingi hata tukaanza kutembea kwa mwendo mmoja. Barua zilipita kwa wavuvi, chache. Moja ilisema mama yake Mama Godeliva amefariki. Nyingine ilisema Bibi ni mgumu kama mbegu ya mchikichi. Halafu barua zikakoma, na mwaka mzima hatukujua tunawaombea walio hai au wafu.

Amani iliporudi tulirudi nayo, tukiwa wasichana wakubwa. Basi lilitushusha Rumonge saa nne asubuhi. Mimi na Godeliva tuliwatangulia wazazi, tukapita msikitini karibu tunakimbia. Nilikuwa mbele. Uani kwa Mama Godeliva, Bibi alikuwa amekaa mkekani, mdogo kuliko nilivyomwacha, macho yake yameingia ukungu kabisa. Nilipomwona nikaangua kilio, sikuweza kusogea.

Mama Godeliva alitoka jikoni na mwiko. Alisimama. Alinitazama, akamtazama Godeliva, akanitazama tena. Kisha akautupa mwiko, akaja mbio, akanikumbatia mimi.

Alinukia moshi na sabuni. Alikuwa anasema jina ambalo si langu ndani ya nywele zangu, na mimi nilizidi kulia, sikumwambia. Juu ya bega lake nilimwona Godeliva amesimama na begi mkononi. Hakusogea, hakusema kitu. Alikuwa anatungoja.

"Mama Godeliva," Bibi alisema kutoka mkekani, akitega sikio. "Huyo anayelia kwa kelele ni wangu. Wako ni yule aliyenyamaza."

Mikono ilifunguka mgongoni mwangu, polepole, kidole kimoja kimoja. Akageuka.